Kamba ya Kisimani

Mama alipopofuka nilikuwa na miaka minane, nasoma darasa la pili katika skuli ya wasichana mjini Wete. Hakupofuka kwa siku moja. Kwanza akawa anachelewa kuiokota sindano inapoanguka. Kisha akaanza kumimina maji pembeni mwa mtungi. Halafu asubuhi moja ya Idi alinivalisha gauni langu jipya nje ndani, akanigeuza huku na huku, akanisifu kwamba nimependeza. Nilitoka hivyo hivyo na gauni langu. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Baba alimpeleka hospitali mara mbili. Mara ya pili daktari alimmulika kwa tochi, akamwambia kwa upole kwamba macho yake hayatarudi, ila amshukuru Mungu kwa kuwa masikio yake ni mazima. Baba alitusimulia kwamba mama alicheka njia nzima ya kurudi. Alikuwa akisema masikio yake hayajawahi kuugua tangu azaliwe, na yule daktari ndiye wa kwanza kumpa pole kwa kitu kizima.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka Jadida, mtaa wa pembeni mwa Wete. Siku zile mtu asiyeona alikuwa na mambo mawili tu: akae barazani, au ashikwe mkono. Mama alichagua kushikwa mkono, na mkono wenyewe ukawa wangu. Kaka zangu wawili walikuwa wakubwa, wako na baba kwenye mikarafuu au bondeni kwenye mpunga. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba niache skuli. Siku moja nilibaki kwa sababu mama alitaka kwenda kisimani. Siku ya pili nilibaki kwa sababu kulikuwa na mazishi. Mwezi ulipokwisha hakuna tena aliyeniuliza kwa nini sikuvaa yunifomu. Wenzangu walipita mbele ya nyumba asubuhi na mikoba yao ya ukili, wakanipungia mkono, nami nikawapungia.

Nitasema kweli, sikuwa kiongozi mzuri. Mtoto wa miaka minane hajui kuongoza, anajua kuvuta. Nilimvuta mama kwenye mizizi, nikamvuta kwenye madimbwi, na nikiona kipepeo nilimwachia mkono katikati ya njia. Yeye alikuwa mwanamke mwenye mwendo wake, aliyezoea kufika mahali kabla ya wenzake. Alivumilia, lakini nilikuwa nikisikia vidole vyake vinavyokaza.

Kabla ya hapo alikuwa msokotaji kamba hodari kuliko wote pwani kwetu. Wanawake walikuwa wakifukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, wanayaacha miezi mpaka yalainike, kisha wanayafukua na kuyapiga kwa magongo mpaka zibaki nyuzi tupu. Nyuzi hizo ndizo usumba, na usumba ndio kamba. Kwa kusokota, mama hakuhitaji macho. Shoga yake mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya pili ya mkondo, alimletea usumba nyumbani kwa pakacha, na mama alisokota barazani. Lakini hakuwa na raha.

"Kamba nasokota popote," alimwambia shoga yake siku moja. "Lakini maneno ya pwani hayaletwi na pakacha."

Siku moja nikashikwa na matubwitubwi. Mashavu yamevimba, nimelala ukumbini nimefungwa kitambaa kichwani. Mama alinisikiliza mpaka akaamini nimelala, akachukua debe, akatoka peke yake kwenda kisimani. Kisima hakikuwa mbali. Mtu anayeona angehesabu hatua mia tatu, na mama aliijua njia ile tangu aolewe. Lakini njia inapopinda alipitiliza, akaingia kwenye shamba la muhogo la jirani, na muhogo ulikuwa umempita kichwa. Akazunguka humo mpaka jua likawa kali.

Sasa lazima nieleze habari ya jirani huyo. Zile zilikuwa zama za siasa. Watu wa kijiji kimoja walikuwa hawaendeani mazishini, kuna maduka ambayo huyu anaingia na yule haingii, na wapo ndugu waliogombana mpaka wakagawana kisima. Jirani alikuwa wa chama kingine, si kile cha baba, na walikuwa na miezi saba hawajasalimiana. Yeye ndiye aliyemkuta mama katikati ya muhogo wake, debe mkononi, kanga imeng'ang'aniwa na matawi.

Kumshika mkono mke wa mtu hakuweza. Kumsemesha pia hakutaka, kwa ajili ya ule ugomvi. Basi akakohoa. Mama akageuka. Jirani akaenda hatua kumi mbele, akakohoa tena. Mama akafuata. Hivyo hivyo, kikohozi baada ya kikohozi, alimtoa shambani, akamvusha njia, akamleta mpaka ukingoni mwa uwanja wetu. Nilikuwa nimeamka, nimesimama mlangoni na mashavu yangu. Nikamwona yule bwana amesimama chini ya mnazi, kifua wazi, anakohoa kwa heshima zote, na mama anakuja nyuma yake anacheka. Alipoigusa nguzo ya baraza, jirani aligeuka akaenda zake, bila salamu.

Mchana ule baba aliporudi kula alikuta habari imekwisha enea. Alikasirika, kisha akasema kwamba kuanzia sasa mama asitoke bila mimi, hata nikiwa mgonjwa. Mama alimwacha amalize wali wake.

"Sikupotea kwa sababu sioni," akasema. "Humu ndani sioni vile vile, na sipotei. Humu nina ukuta. Kule nje njia haina pa kushika."

"Sasa nikujengee ukuta mpaka kisimani?"

"Hapana. Nitausokota mwenyewe."

Alieleza alichokuwa amekifikiri huko muhogoni alipokuwa akizunguka. Kamba nene, ya kushika vizuri kiganjani, ifungwe kwenye vigingi kimo cha kiuno, kutoka kwenye nguzo ya baraza mpaka kisimani, na Mungu akipenda mpaka pwani. Baba alitazama chini. Alichokiogopa nilikijua, na hatimaye alikisema: watu watasema amemfunga mkewe kamba kama ng'ombe.

"Ng'ombe kamba ndiyo imshikayo," mama akamjibu. "Hii nitaishika mie."

Baba hakukubali wala hakukataa. Alinawa mikono, akatoka.

Mama alisokota masika yote. Kwanza alinituma nikapime njia. Alinipa ugwe wa pima moja, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, nikawa naulaza chini, nausogeza, naulaza tena, na kila pima nikiweka kokoto kwenye kifuu. Nilirudi na vifuu vitatu vya kokoto, akavihesabu kwa vidole, akasema inatosha kumtia mtu adabu. Shoga yake alipeleka habari pwani. Wanawake walicheka sana, na mmoja aliuliza kama mama wa watu anataka kujianika mwenyewe. Shoga alirudi amekasirika, lakini kesho yake pakacha lilikuwa zito kuliko kawaida, na kesho kutwa zaidi, kwa sababu kila aliyecheka alikuwa ametia konzi yake ya usumba. Mvua ikinyesha walikuja kusokotea barazani kwetu. Nyumba ikajaa vicheko, nami nikaanza kuipenda ile kamba kabla haijafika popote.

Palibaki jambo moja. Njia fupi ya kisimani ilipita ukingoni mwa shamba la jirani, mbele ya nyumba yake. Baba alisema kwamba yeye hatakwenda kumwomba mtu yule hata shimo la kigingi. Mama hakubishana. Baba alipokwenda zake bondeni, alijitanda buibui lake, akaniambia nimpeleke.

Jirani alitoka kwa hodi ya pili. Alipomwona mama alisimama kizingitini.

"Nimekuja kukushukuru kwa kile kikohozi," mama akasema.

Yule bwana alitazama pembeni, akajibu kwamba siku ile alikuwa na mafua. Mama akamwambia anamwombea yasimrudie, kisha akamweleza habari ya kamba: vigingi vingapi, vitapita wapi, na kwamba muhogo wake hautaguswa. Jirani alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa adabu kwamba kwa mama mwenyewe hana neno, lakini njia ni yake, na leo ikipita kamba, kesho watapita watu, na watu wenyewe anawajua ni wa upande gani.

Hapo sauti ikatoka ndani, sauti nyembamba ya kizee.

"Kamba ya nini hiyo?"

Alikuwa mama yake jirani. Nilikuwa nimesahau kwamba yuko hai. Miaka mingi hakuwa ameonekana nje; magoti yalikuwa yamekataa na macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Ya kushika, Bi Mkubwa," mama akajibu. "Ya kwendea kisimani."

"Mtu anaishika mwenyewe? Hashikwi?"

"Anaishika mwenyewe."

Ile sauti ikasema, "Mwanangu, ipite. Na ipite hapa hapa mlangoni kwangu, isiende mbali."

Jirani akauliza kuchimba kutaanza lini. Tulirudi nyumbani, mama anatembea haraka mpaka mimi ndiye niliyevutwa.

Vigingi vilikatwa vya mbono, kwa sababu mbono ukiutia ardhini hauozi, unashika. Baba aliposikia kwamba jirani ameanza kuchimba upande wake, hakuweza kukaa. Alichukua mtaimbo akaanza upande wetu. Siku mbili watu wazima wawili walichimba wakielekeana bila neno. Sisi watoto tulikaa juu ya gogo tukiwatazama kama watu wanaotazama ngalawa mbili zinazoshindana. Siku ya pili alasiri kikabaki kigingi kimoja katikati. Baba alikisimamisha, lakini peke yake hakuweza kukishika na kukigongomea. Alisimama nacho. Jirani alisimama na nyundo yake ya mti.

"Shika sawa," jirani akasema.

"Nimeshika," baba akajibu.

Ndiyo maneno yao ya kwanza baada ya miezi hiyo yote. Hawakuwa marafiki, na siasa haikwisha, ikawa kali zaidi. Lakini tangu siku ile walisalimiana, hata kama ni kwa kidevu.

Kamba ilifungwa siku ya Alkhamisi. Mama mwenyewe alitia mafundo ya kumwonyesha alipo. Fundo moja lilikuwa mlangoni kwa Bi Mkubwa, mafundo mawili yalikuwa kisimani. Asubuhi yake aliniambia nikae barazani nisitie mguu uwanjani. Baba alijifanya anatia mpini jembe lake, jembe ambalo lilikuwa na mpini mzima. Mama alivaa makubadhi, akashika kamba kwa mkono wa kushoto, debe akalitia kwapani, akaenda. Hakwenda polepole. Nilimwona akigeuka pale njia inapopinda, akapotea nyuma ya muhogo, na mimi nikawa nahesabu bila kujua nahesabu nini. Baba aliacha kugonga.

Akarudi na debe kichwani, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine ukingoni mwa debe, na maji yalikuwa yamemwagika kidogo tu mabegani. Aliteka kata moja akampa baba, akateka nyingine akanipa mimi. Yalikuwa maji yale yale ya kila siku. Baba aliyanywa yote, akairudisha kata, akamwambia, "Ahsante, bibi." Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo mbele yetu.

Kisha mama akanigeukia. "Fua yunifomu yako," akasema. "Jumatatu unakwenda."

Gauni la skuli nilikuwa nimelipita. Liliteremshwa upindo mpaka mwisho, na bado lilikuwa juu ya magoti. Nilirudishwa darasa la pili, pamoja na watoto walioniita dada, na mwalimu akaniweka nyuma kwa kuwa nilikuwa namziba kila mtu. Sikujali hata kidogo. Nilikuwa na kibao changu, nilikuwa na dirisha, na saa nne tukifunguliwa nilikimbia mpaka pumzi zikaniishia, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusubiri nyuma yangu.

Kipande cha pwani kilichelewa, kwa kuwa njia ya gari la ng'ombe ilikatiza katikati. Mwenye gari alikuja kusema kwamba hatakubali kamba ivuke njia, magunia yatainasa, na alikuwa na haki. Shoga yake mama ndiye aliyepata akili. Aliwakusanya wanawake, wakabeba maganda ya kombe kutoka kwenye malundo ya pwani, vikapu kwa vikapu, wakayamwaga kuvuka njia kama mkeka. Kamba ikawa inaishia upande huu kwa mafundo matatu, maana yake simama usikilize. Kisha unavuka ukisikia maganda yanalia chini ya viatu. Yakinyamaza umetoka njiani, rudi kidogo. Ng'ambo kamba inakungoja. Mwenye gari mwenyewe alianza kumzuia ng'ombe wake anapofika kwenye maganda, na nasikia ng'ombe yule alizoea, akawa anasimama hapo hata akiwa peke yake.

Siku mama alipofika pwani kwa mara ya kwanza ilikuwa siku isiyo na skuli, nami nilikuwa nimetangulia. Kulikuwa na wanawake kama ishirini wamechutama kwenye tope, magongo yanapiga makumbi kwa mkupuo. Mmoja alimwona akitokea kwenye mikoko, mkono kwenye kamba, buibui limefungwa kiunoni. Akaacha kupiga. Wa pili akaacha, na wa tatu, mpaka pwani yote ikawa kimya. Mama alisimama palipoishia kamba.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza. "Pigeni, jamani. Mie nitajuaje mlipo?"

Basi yakaanza magongo yote kwa pamoja, hayana mpango, na vigelegele juu yake, na mama akateremka kuifuata ile kelele mpaka akakanyaga mguu wa shoga yake. Wakampa nafasi, wakampa gongo. Alirudi nyumbani jioni ana tope mpaka kwenye nyusi, na habari za miaka miwili zote anazo.

Bi Mkubwa naye alitoka. Kwanza alifika kigingi cha pili tu, akapumzika, akarudi. Baada ya mwezi alikuwa anafika kisimani akiwa na kata yake, hateki maji ya maana, anakwenda kuzungumza. Tatizo lilikuwa kwamba kamba ni moja. Siku moja alikuwa anarudi, mama anakwenda, na mikono yao ikagongana.

"Nani huyo kwenye njia yangu?"

"Ni mie, Bi Mkubwa. Mie ndiye niliyeisokota."

"Na mie ndiye niliyeiruhusu."

Hakuna aliyetaka kuiachia. Walisimama hapo wakizungumza mpaka mtu akaenda kuwaletea vigoda, wakakaa. Baadaye walikubaliana kwamba mwenye maji kichwani hapishi, na kwa kuwa Bi Mkubwa hakubeba maji, alilalamika kwamba sheria ile imemwonea. Ikawa kila mmoja anaimba akiwa njiani ili mwenzake amsikie mapema, na ukipita pale asubuhi ungedhani kuna harusi.

Sisi watoto tuliichezea kamba mpaka tukapigwa. Mbuzi waliitafuna, ng'ombe wa watu aliikata mara mbili, na kila baada ya masika ilibidi kipande fulani kisokotwe upya. Vigingi vya mbono viliota majani, vikawa uzio wa kijani, na mtu mgeni asingejua kama ile kamba ilikuja kwanza au miti. Mzee mmoja mwenye mguu mkavu, aliyekuwa akisali nyumbani, aliomba naye kipande cha kutokea kwake kwendea msikitini, mahali penye mteremko, na baba na jirani walikwenda kumtilia bila kuombwa mara mbili.

Lakini ninachokikumbuka zaidi nilikiona nilipokuwa darasa la nne. Nilirudi skuli mapema. Mama yuko pwani, kaka zangu hawapo, nyumba imefungwa. Nilimwona baba katikati ya njia ya kisimani, ameipa nyumba mgongo. Nilitaka kumwita, nikasita, kwa kuwa mwendo wake ulikuwa wa ajabu. Alikuwa anapeleka mguu mbele, anapapasa, kisha anauweka. Nilizunguka kwenye muhogo nikamtazama usoni. Alikuwa amefumba macho. Mkono wake wa kushoto uko kwenye kamba, midomo inahesabu hatua, na jasho linamtoka kama mtu aliyebeba gunia.

Karibu na kigingi cha tano alijikwaa. Alipiga magoti kabisa, akafumbua macho, akaniona nimesimama mbele yake na mkoba wangu. Tulitazamana. Nilidhani atanigombeza.

"Hapa pana mzizi," akasema. "Mama yako hajawahi kuniambia kama hapa pana mzizi."

Nilimwambia kwamba mama anaujua, huwa anainua mguu akifika hapo.

Baba aliutazama ule mzizi. Ulikuwa wa mwembe, umetoka juu ya ardhi kama mgongo wa kenge. Aliugusa kwa kidole. Kisha alijipangusa magoti, akaniambia nikamletee jembe na shoka, na niende mbio, kwa sababu pwani maji yalikuwa yameanza kujaa na mama hatakawia kurudi.